Unga wa Jumapili

Jumamosi, tarehe 12 Julai. Baridi kavu ya kupasua midomo, jua kali lisilo na kazi, upepo unasukuma mifuko ya plastiki tangu asubuhi.

Leo nilishuka mjini kununua nywele za saluni, na miguu yangu, ambayo haiombi ruhusa, ikanipeleka Joubert Park, katikati ya Joburg, mbele ya jengo tulilokaa nilipokuwa mdogo. Mlango umezibwa kwa matofali. Madirisha ya ghorofa ya sita hayana vioo, na kwenye lile ambalo nadhani lilikuwa la jiko letu walikaa njiwa wawili kama wapangaji halali. Nasema nadhani, kwa sababu nilihesabu mara mbili na kila mara nikapata dirisha tofauti. Lakini tumbo langu halikuwa na shaka. Liliunguruma palepale barabarani, mpaka mlinzi wa duka la pembeni akageuka.

Ngoja nikueleze habari za tumbo hili, rafiki yangu, maana bila hilo sina hadithi. Nilipokuwa na miaka minane, labda tisa, lilikuwa mtu wa tano katika nyumba ya watu wanne. Sisi wanne tulikuwa baba aliyekuwa mlinzi, mama aliyesuka nywele kando ya barabara, nyanya yangu tuliyemwita koko, na mimi. Tumbo lilijaa kama ngoma, likauma, likanikimbiza chooni, kisha likatulia na kujifanya halijui kitu. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Koko alisema ni minyoo. Mama alisema ni maji ya Joburg. Mchungaji wetu alilipaka mafuta na kulikemea kwa Kifaransa. Kusema haki, minyoo nilikuwa nayo kweli, koko hakukosea. Ila minyoo ilipotoka, tumbo lilibaki na tabia zake.

Mwishowe mama akanipeleka hospitali. Daktari kijana akachukua damu, akaturudisha nyumbani, akatuita tena, na akasema mwili wangu hauelewani na ngano. Nisile mkate, biskuti, keki wala spageti, na si kwa wiki mbili, kwa maisha yote. Mama akauliza kama tunaweza kuongeza maombi. Daktari akajibu kwa upole kwamba maombi hayakatazwi, mkate ndio unakatazwa.

Nilidhani koko atalia. Alifurahi. Yeye alitoka Uvira, kando ya ziwa, na tangu siku ya kwanza alikuwa akiutazama mkate wa mji huu kama sponji ya kuoshea vyombo. Sasa hospitali nzima imemuunga mkono. Siku hiyohiyo akashika jiko, na hakuna aliyelitoa tena mikononi mwake.

Sijui kama naweza kuandika chakula chake vizuri. Mimi niliacha shule gredi ya tisa, na maneno ya utamu hunikimbia. Nijaribu tu. Sombe, yaani majani ya mihogo, aliyatwanga kwenye kinu ndani ya ghorofa ya sita, kinu kikiwa juu ya blanketi lililokunjwa mara nne. Kila alipotwanga, jirani wa ghorofa ya tano aligonga bomba kwa kijiko kulalamika, na koko akaona ni kupigiwa makofi, akaongeza nguvu. Ndagala, yaani dagaa wa ziwani, alizikaanga mpaka zikalia kati ya meno. Maharagi aliyatia mawese, na mvuke ulipanda mwekundu, au labda nakumbuka rangi ya ukuta. Lifti ilikuwa imekufa kabla hatujahamia, kwa hiyo harufu ilishuka kwenye shimo lake tupu, ikafika chini kabla yetu. Nikirudi shule nilijua chakula cha jioni nikiwa bado kwenye ngazi ya kwanza.

Na juu ya vyote, bugali wa muhogo, ndio huo ugali wetu. Nilikula, nikapata mashavu. Jumanne hadi Jumamosi tumbo lilikuwa kimya kama mgeni mwenye adabu.

Shida ilikuwa Jumapili.

Jumapili baada ya ibada, mchungaji, mke wake na akina mama wa kanisa walikuja kwetu kula. Walikuja kwa ajili ya bugali wa koko. Ulikuwa mweupe, laini, hauna donge hata moja, ukiufinya unarudi kama shavu la mtoto. Akina mama waliupapasa kabla ya kula, kama wanunuzi wa kitambaa. Koko alikaa pembeni na kusema si kitu, si kitu, huku uso wake ukisema ni kitu kikubwa sana. Nami nilikula na wageni. Na kila Jumatatu nilikuwa nimejikunja kitandani, shule sijaenda.

Mama si mjinga, alihesabu siku. Akaona lazima kuna mahali napata ngano Jumapili. Na mahali palijulikana. Yule jirani wa ghorofa ya tano, mwenye kijiko cha kugonga bomba, alikuwa Mzulu aliyekaanga magwinya mlangoni kwake, yale maandazi makubwa ya duara, na kabla ya daktari nilikuwa mteja wake mkubwa. Mama akamsimamisha kwenye ngazi na kumuuliza, kwa Kiingereza cha haraka, kwa nini anamlisha mtoto mgonjwa. Jirani akasema hajanipa hata kipande, ananipikia mahindi ya kuchemsha kwa sababu anajua hali yangu. Ilikuwa kweli. Lakini kweli yake ilitoka kwa sauti kubwa, na mama akaona sauti kubwa ni ya mwenye makosa. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Kisha ikawa zamu yangu. Koko aliniita.

"Njoo hapa, mama. Sema kweli. Unakulaka nini kwa ule mama wa chini?"

"Sili kitu, koko."

"Basi tumbo inauma ya bure?"

Nilisema sili kitu mara nyingi mpaka na mimi nikaanza kujishuku. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo, na sijabadilika sana. Niliwaza labda natembea usingizini, nashuka ngazi, nagonga mlango, nakula, narudi. Asubuhi nilinusa vidole vyangu kutafuta mafuta. Mara moja nilinusa kitu, kumbe ni mafuta ya nywele.

Baraza la nyumba likaamua. Muhula ukiisha, nitapelekwa Diepsloot kwa shangazi, ambaye jicho lake halikuwahi kupitwa na kitu. Shangazi alikuwa na spaza, duka dogo la mtaani. Mikate ilipangwa humo kuanzia sakafuni mpaka karibu na bati. Hakuna aliyeona ajabu ya kumficha mtoto asile ngano katikati ya mikate yote ile, na sitaki kuwacheka, hawakuwa na ndugu mwingine. Lakini mimi nililia, kwa sababu kuondoka kwa koko kulikuwa kama kuondolewa mdomo.

Jumapili ya mwisho kabla ya kuondoka, wageni walikaa sebuleni, wameshanawa, wanasubiri. Jiko lilitenganishwa na sebule kwa pazia. Koko alikuwa anasonga, mimi nilifuta sahani. Mlango wa jikoni ukagongwa, akaingia jirani wa chini na aproni yake. Amesikia napelekwa Diepsloot kwa sababu ya magwinya yake, akaja kujitetea. Koko Kizulu alijua kusalimu na kukataa tu. Kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi.

Jirani akaanza vizuri, kwa heshima, akamwita gogo, yaani bibi, nami nikatafsiri. Kisha macho yake yakahamia kwenye jiko. Koko, bila kuacha mwiko, alikuwa amepeleka mkono nyuma ya jiko, akatoa pakiti, na kumimina unga mweupe ndani ya sufuria, juu ya ule wa muhogo. Jirani akaitazama pakiti. Akanitazama mimi.

"Muulize gogo wako," aliniambia kwa Kizulu, "kwa nini anapika na unga kama huu wangu wa magwinya."

Rafiki yangu, nilikuwa na miaka minane au tisa, lakini nilielewa yote kwa mara moja. Nikitafsiri, siendi Diepsloot. Nikitafsiri, koko anaaibika, na mchungaji yuko hatua tatu nyuma ya pazia.

"Anasema bugali yako inanukia muzuri," nilimwambia koko.

Koko alinitazama, kisha akatazama kidole cha jirani, ambacho kilikuwa kinagusa pakiti. Kidole hakikuhitaji mkalimani.

"Hii iko ngano?" akaniuliza polepole.

"Ndiyo, koko."

"Hata nikishaisonga?"

"Hata ukishaisonga."

Nimemfikiria kwa miaka mingi, na naamini hakujua. Unga wa muhogo uliofika Joburg siku zile ulikuwa mzee, wa kijivu, unanuka uchachu, na bugali wake ulikatika mkononi. Mama mmoja wa kanisa alimfundisha kwa siri kuuchanganya siku za wageni, ukawa laini. Kwa koko, mkate ulikuwa mkate na bugali ulikuwa bugali. Kitu kikishaingia sufuriani mwake na kupigwa mwiko, kimebatizwa. Na pakiti aliificha wageni wasiione, hakuwa akinificha mimi.

"Koko, sitasema," nikamnong'oneza.

Akaweka mwiko chini. Akafuta mikono, mmoja halafu mwingine, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akafungua pazia.

"Huyu mutoto haibake kitu," akawaambia. "Mimi ndiye ninamulishaka ngano kila Jumapili, siku ya Mungu. Ile bugali munasifu iko na unga ya magwinya ndani."

Mchungaji alibaki na mikono yake safi hewani. Mama akafunika uso. Bugali ukapumua jikoni. Halafu mke wa mchungaji, kwa sauti ndogo, kama anaulizia dawa:

"Weye unatiaka ngapi?"

"Kikombe moja kwa tatu," koko akasema.

"Mimi nusu kwa nusu."

Mama mwingine akakohoa, akasema yeye aliacha kununua muhogo tangu Pasaka. Mchungaji akamgeukia mke wake na kumuuliza nyumbani kwake hasa amekuwa akila nini, na hapo nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Jirani wa chini akanivuta mkono kuuliza wanacheka nini. Safari hii nilitafsiri kila neno. Akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Mama akamwomba msamaha mbele ya wote, jirani akapewa sahani, akala sombe mara mbili, na kijiko chake hakikugonga bomba tena, isipokuwa siku moja ya mechi, na nadhani ile ilikuwa furaha.

Diepsloot sikwenda. Kuanzia hapo Jumapili zilikuwa na sufuria mbili, kubwa ya wageni na ndogo yangu, bugali wa kijivu wenye madonge. Koko aliufunika kwa sahani usionekane. Lakini kabla sijala, alimega wake kutoka sufuria yangu, akatafuna, akanitazama, ndipo akanipa.

Sasa koko amelala kwenye makaburi ya mji huu. Jirani alirudi kwao, sikuwahi kujua wapi, na hilo ni kosa langu. Huku Randburg ninakokaa sasa unga wa muhogo umekuwa wa fahari, uko kwenye rafu ya wagonjwa na matajiri, mweupe kabisa, na nyuma ya pakiti wameandika yote yaliyomo. Ni jambo zuri, linanilinda, siwezi kulisema vibaya. Ila pakiti inasema ukweli wake bila kupoteza kitu. Mtu wa kukufungulia pazia, na wageni wameshanawa mikono, sijampata tena.

Jioni tulikula wali, maharagi ya mawese na lenga-lenga, mchicha wa kwetu. Watoto walitaka spageti, wakaiomba kwa Kiingereza, wakakosa. Mume wangu alikula mkate wake jikoni, amesimama, amenipa mgongo kwa heshima. Nikamwambia aje nao mezani, harufu hainidhuru, na mimi napenda kuona mtu anakula nini.