Ekidor na Mama wa Mti kutoka Ufaransa

Ekidor alikuwa fundi wa vigoda na vitanda pale mtaani Bulapesa, mtu mfupi, mcheshi, aliyechonga kwa mkono wa kushoto. Mkono huo ulimletea maneno tangu utotoni, maana wazee waliomfundisha walisema kila alichokichonga kimelala upande. Hata mkewe Kinanu, Mmeru aliyeuza viazi na kabeji ng'ambo ya barabara, hakumwacha apumue. "Baba Lochoro," angemwita, "hicho kigoda kinaangalia Meru ama Marsabit?"

Februari ya mwaka 1978, Sista Klotilda alikuja mwenyewe mpaka karakanani. Alikuwa nesi Mfaransa katika zahanati ndogo ya misheni, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota kwa wagonjwa. Siku hiyo alibeba kitu kilichofungwa kwa blanketi kama mtoto mwenye homa. Alipokifungua, Ekidor akaona Bikira Maria wa mti, ameketi wima kitini, amempakata Mtoto Yesu, wote wawili wakitazama mbele bila kucheka. Rangi ilikuwa imebanduka, ikabaki nyekundu kidogo kwenye mikunjo ya nguo.

"Hii imetoka nyumba ya nyanya yangu," Sista akasema. "Iko na miaka mia nane. Nimeileta mwaka jana tu, na sasa tazama."

Ufa ulikuwa umeshuka kutoka bega la Mama hadi kiunoni. Mkono wa Mtoto, ule wa kubariki, ulikuwa umeanguka, na ulipookotwa ulikuwa umekwisha kutafunwa na mbuzi aliyeingia kanisani bila kuitwa. Fundi mmoja wa mjini alishauri misumari mitatu na vanishi.

"Apana," Ekidor akasema haraka. "Niachie kwanza niiangalie."

Siku mbili hakugusa patasi. Aliizungusha tu ile sanamu magotini. Nyuma ilikuwa imekombwa ndani kama mzinga wa nyuki, kiini chote cha mti kimetolewa. Ekidor akacheka peke yake. Hata yeye hutoa kiini, maana ndicho kinachopasua mti ukikauka. Kisha akaona alama za chombo humo ndani, zimeteremka mshazari. Akatia mkono wa kulia kuzifuata. Kifundo kikajipinda vibaya. Akatia wa kushoto, ukaingia na kuteleza sawasawa kama mkono wa mwenye kazi.

"Mama Lochoro!" akapiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. "Njoo uone! Huyu mzee wa Ufaransa alikuwa wa kushoto!"

Kinanu akaja akijipangusa udongo wa viazi. Akatazama, akatia mkono wake.

"Na yeye bibi yake alikuwa anamcheka?"

"Sana."

Sista aliporudi, Ekidor alimweleza kinachoumiza sanamu. "Sista, mti hii imezaliwa mahali pa mvua. Hapa inasikia kiu."

"Basi niimwagie maji?"

"Wacha! Itoe tu hapo karibu na dirisha, kwa jua. Weka kona ya baridi, na beseni ya maji chini yake. Ufa tuache, tusiisumbue."

Mkono mpya aliuchonga kwa mzeituni wa porini. Wa kwanza ulionekana kama unaomba miraa. Wa pili ulikuwa unasimamisha basi. Wa tatu ndio uliobariki. Aliushikiza kwa kijiti chembamba cha mti, bila gundi wala msumari.

Miaka sita ikapita. Mwaka 1984 akaja binamu yake Sista, mama mtaalamu wa sanamu za kale, akakaa na ile sanamu asubuhi nzima, kioo cha kukuzia jichoni. Ekidor akaitwa. Alifika shati limelowa jasho, akidhani ameharibu mali ya watu. Mgeni akauliza, Sista akitafsiri, ni nani aliyemwambia asitie gundi.

"Hakuna mtu. Mimi mwenyewe singependa kazi yangu ipakwe gundi. Kama mtu hataki mkono yangu, aivute tu, itoke."

Kisha akamweleza habari za mkono wa kushoto. Yule mama akatia wake humo ndani, akaupitisha taratibu, akaanza kucheka hadi machozi. Alikuwa ameandika kurasa nyingi kuhusu sanamu kama hizo, na hakuwahi kufanya hivyo.

Ikakubaliwa kwamba Mama wa mti arudi kwao kwenye unyevu.

"Na mkono yangu?" Ekidor akauliza.

"Unaenda naye," Sista akajibu.

Ekidor akaitikia kwa kichwa.

Sista akamwomba achonge Mama mwingine wa kukaa mahali pake. Ilimchukua miezi minane. Mama aliketi juu ya ekicholong, kile kigoda cha Waturkana wenzake cha kukalia na kulazia kichwa, shanga shingoni, na Mtoto alishika kibuyu cha maziwa. Siku ya kufunuliwa, Kinanu alisogea karibu. Akatazama mashavu, akatazama midomo iliyobanwa kama ya muuzaji anayeombwa apunguze bei.

"Hiyo ni pua yangu," akasema.

"Si yako."

"Baba Lochoro, ni yangu!"

Kanisa zima likaangua kicheko, Sista akiwa wa kwanza. Kinanu alinuna wiki nzima. Lakini kila Jumapili aliwahi kabla ya watu, akaipangusa vumbi ile sanamu kwa ncha ya leso, na ole wake mwingine aliyethubutu kuigusa.