Okidi ya Mavyaa na Mgeni wa Jua la Utosi

Mwenye kutaka kucheka na acheke sasa, amalize, kisha anisikilize. Haya hayakumpata jirani wala shoga ya shoga yangu. Yalinipata mimi, mchana kweupe, nyumbani kwa wakwe zangu nyuma ya Ndia Kuu, mwishoni mwa miaka ya tisini.

Nilikuwa bi harusi mpya, nimetoka Tudor. Mavyaa, mama yake mume wangu, alikwenda hija kaskazi ikiwa imepamba moto, akaniachia okidi yake, mmea wa maua uliofungwa kwenye kumbi la nazi uani. "Bi harusi, nikirudi niikute hai," basi. Nikajua huo ndio mtihani wangu. Ikifa, ningetazamwaje katika nyumba ile?

Mifereji ya nyumbani ilikuwa haitoi maji, kwa hiyo nikainywesha maji ya kisima, asubuhi na jioni, kwa mapenzi yangu yote. Ikazidi kunyong'onyea. Ncha za majani zikawa nyeusi, mizizi ikasinyaa. Nililia, wallahi. Jikoni mlikuwa na mtungi wa maji uliofunikwa kitambaa cheupe, lakini nilidhani ni maji ya kusomewa, sikuthubutu kuugusa.

Siku moja, jua la utosi, mume wangu yuko kazini, nilitia komeo mlangoni nijilaze. Nikasikia kikohozi uani. Kutoka, namkuta bibi wa makamo, buibui la kizamani, ananukia udi, amesimama mbele ya okidi. Nikadhani ni jamaa ya mavyaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri tu.

"Nipa maji ya kunwa, mwanangu."

Nikamtekea ya kisima. Kuonja tu, akayatema.

"Yana munyu haya! Nawe huyu ndiyo wamnwesha? Huyu hali munyu, wala mimi sili."

Nani asiyejua kuwa ni majini wasiokula chumvi? Lakini niamini, akili yangu yote ilikuwa kwenye ile okidi.

"Basi nimpe yapi, bibi?"

"Ya mvua. Si yale ya mtungini? Mavyaa wako huyakinga kila masika. Kaskazi mnweshe asubuhi, jioni muate. Kipupwe kikingia mpunguzie, alale, naye atakupa maua."

Akanywa kata nzima ya mtungini, akashukuru, akaaga. Nikatangulia kumfungulia mlango. Komeo lilikuwa vile vile nilivyolitia. Kugeuka, uani hamna mtu, na nyumba ile haina mlango wa pili. 

Mwingine angekimbilia kwao. Mimi niliinywesha okidi kwanza.

Mavyaa aliporudi alikuta mizizi mipya ya kijani. Akaitazama, akanitazama, akacheka. "Alikuja, eh? Nami nilipoolewa humu alinifundisha yeye." Tangu siku hiyo hakuniita bi harusi tena. Aliniita mwanangu, mpaka alipofariki.

Okidi ninayo hadi leo, na maua yake meupe hunukia uani kote. Kila jioni naweka kata ya maji ya mvua kando yake, asubuhi naikuta tupu. Siogopi, nimeshazoea, na ukweli ni kwamba namfurahia mgeni wangu.

Nawe, akikujia mgeni mchana wa jua kali akayatema maji yako, usimuulize jina wala usitazame komeo. Mpe ya mvua. Na kama kwako hamna, anza kukinga masika haya.