Ng'ombe wa Dada Nasrin

Kitenge cha mama kina doa la manjano ambalo halijapata sabuni ya kulitoa. Juzi nilikitoa kwenye mashine ya kukaushia, na kabla ya kukikunja nikakipeleka puani, ingawa nilijua fika kwamba harufu ya bizari ilishatoka miaka mingi iliyopita. Lakini pua nayo ina ukaidi wake. Nikainusa siku ile yote: bizari, maua ya waridi, wali wa samli, na ngozi mpya ya viatu vya bwana harusi.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Beechmont, kule Louisville, Marekani, katika nyumba ya juu, na chini yetu ilikaa familia ya Wabengali. Mama alikuwa akifanya kazi ya usiku ghalani, akipanga maboksi, na binti yao wa pekee, Nasrin, ndiye aliyenilaza na kuniamsha. Ndiye aliyenifundisha kusoma Kiingereza, na ndiye aliyenigombeza kila alipokuta maganda ya ndizi chini ya kitanda. Nilimwita dada na sikuona haja ya kumweleza mtu zaidi. Kisha wakahamia Buffalo, walikokuwa na ndugu wengi. Nililia mpaka mama akaniambia nibakize machozi kidogo, huenda yatahitajika siku nyingine.

Siku hiyo ililetwa na kadi ya harusi ya Nasrin, yenye maandishi ya dhahabu. Mama alifurahi, mimi nikanuna. Nilikuwa nimeshajua mambo yanavyokwenda: alipohama tulibaki na simu ya Jumapili, na akiolewa hata hiyo Jumapili itakuwa ya mume. Kwa hiyo nilikwenda harusini kama mtu anayekwenda msibani, ila na gauni jipya.

Tulipanda basi hadi Columbus, tukalala Gahanna, nje kidogo ya mji huo, kwa mjomba, mdogo wake mama. Ndege zilipita karibu sana na paa lake hivi kwamba alilazimika kusimamisha sala ya chakula na kuianza upya, huku ugali ukipoa. Asubuhi akatupakia kwenye gari lake. Mama alipakata sufuria ya maandazi njia nzima, maana mkono mtupu haulambwi, na mjomba akala njia nzima akisema anayapunguza yasimwagike.

Tulipofika Buffalo, kaka yake Nasrin alitutembeza. Tuliona nyumba kuukuu zenye baraza za mbao, na mabango yenye herufi za Kibengali zilizoning'inia mstarini kama nguo kwenye kamba. Katika duka moja mama alisimama ghafla mbele ya kreti la mboga. Zilikuwa lengalenga, yaani mchicha, majani mekundu yenye mizizi na udongo wake, ambazo hakuwa ameziona tangu tufike Marekani. Muuza duka akazitaja kwa jina la kwao, mama akazitaja kwa jina la kwetu, wakabishana kwa heshima hadi yule mzee akamwongeza fungu la bure. Baadaye tulipelekwa kwenye maporomoko ya maji, tukalowa hadi kwenye mifupa. Mama akasema Mungu alisahau kufunga bomba. Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba nimenuna.

Jioni wanawake walimpaka bibi harusi bizari ya manjano mashavuni na mikononi, kama ilivyo desturi yao. Mama akapiga vigelegele. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama, halafu wote wakamwomba arudie. Bibi mmoja, kwa furaha, akamkumbatia na mikono yake ya manjano, na doa likazaliwa.

Sasa nije kwenye viatu. Kwa Wabengali, wadogo wa kike wa bibi harusi humwibia bwana harusi viatu, na hawavirudishi mpaka avikomboe kwa pesa. Ni mchezo, na kila mtu huutarajia. Nasrin hakuwa na mdogo wa kike. Binamu zake walipokuwa wakigombania kazi hiyo, akainua uso ndani ya sari yake nyekundu.

“Viatu ni kazi ya Riziki,” akasema. “Mdogo wangu ni huyu.”

Mnuno wote ukaniisha. Bwana harusi, Tanvir, kijana mpole mwenye miwani, alikuwa amekaa juu ya mito jukwaani, akilishwa vitu vitamu. Nikatambaa nyuma ya maua, nikavibeba viatu alivyovua, nikavitia ndani ya mkoba wa mama uliokuwa chini ya meza. Niliona hapo ndipo mahali salama kuliko pote duniani.

Hapa lazima mumwelewe mama. Kazini mkoba wake ulipekuliwa kila alipotoka. Madukani alitukataza kutia mikono mifukoni. Alikuwa akisema mkimbizi akiangusha kijiko, watu husikia sahani kumi. Mama huyo ndiye aliyefungua mkoba kutafuta leso, akakutana na viatu vya bwana harusi.

“Riziki, hii viatu ni ya nani?” akauliza kwa Kiswahili cha kwetu, chenye Kifaransa ndani yake.

Nikamjibu kwa Kiingereza, haraka haraka, kwamba ni mchezo tu.

“Donc kuiba ni muchezo?”

Akanikamata mkono, tukaenda moja kwa moja jukwaani. Muziki ukazimwa. Mama akapiga magoti, akamnyooshea bwana harusi viatu kwa mikono miwili, akamwomba msamaha, akasema mtoto wake hakulelewa hivyo. Kisha akaniamuru nitafsiri. Yaani mwizi mwenyewe ndiye aliyekuwa mkalimani. Nilitafsiri huku nikilia. Upande wa bwana harusi wakashangilia, binamu zake Nasrin wakashika vichwa, nami nikajua kwamba udada wangu umekwisha kabla haujapoa.

Mama yake Nasrin alikuja mbio, akaeleza desturi yao kwa maneno na kwa mikono, nikatafsiri hilo nalo. Mama akasikiliza. Akavitazama viatu. Mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaogopa kwamba analia, kumbe anacheka. Alicheka hadi akakaa chini. Tanvir naye hakuvivaa viatu. Aliviokota, akamrudishia mama mikononi, akauliza kwa adabu mama anataka nini.

Mama akavifunga ndani ya kitenge, akachukua kiti upande wa bibi harusi. Binamu wakawa wananinong'oneza bei, kila mmoja ya kwake. Mama akawapungia mkono wanyamaze.

“Muweke feza zenu. Kwetu mutoto hatokake bure. Ngombe iko wapi?”

Nilipotafsiri, ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Tanvir akauliza atampata wapi ng'ombe Buffalo.

“Bon, atatafuta. Atamuleta kwangu Louisville, na huyu mutoto wangu akuje naye,” mama akasema, akimwelekezea Nasrin mkono.

Maneno hayo niliyatafsiri polepole na kwa sauti, nikitaka kila mtu awe shahidi. Tanvir akaweka mkono kifuani, akaahidi. Ndipo viatu vikatoka.

Alitimiza. Shule zilipofungwa, gari lilisimama mbele ya nyumba yetu, akashuka na dumu la plastiki la maziwa. Akasema ng'ombe amekataa kupanda gari, ametuma haya. Nyuma yake alikuwa Nasrin, na mimi sikusikia tena jambo lolote. Naikumbuka sura ya mama tu: hakucheka. Alipokea dumu kwa mikono miwili, akatoa vikombe vyetu vizuri, akammiminia mkwe kwanza. Tangu hapo hawajawahi kuja bila maziwa.

Nilipokuwa karibu kuolewa ndipo mama aliponisimulia harusi yake. Aliolewa katika kambi ya wakimbizi. Ng'ombe wote wa babu, baba yake mama, walibaki milimani siku walipokimbia vita, na baba alikuja kumposa akiwa na shati safi, basi. Babu alimshika mama kichwani akamwambia, nenda mwanangu, ng'ombe atakuja. Alikufa bila kumwona ng'ombe huyo.

Nimekikunja kitenge, doa likiwa juu. Ng'ombe alikuja. Babu tu hakujua kwamba angepitia Buffalo.