Majani Niliyomwambia Mkwe Kwamba Yapo

Mimi kazi yangu ilikuwa mkokoteni. Maksai wanne, mkokoteni mmoja, na mgongo huu ambao leo ukiniona nimeinama usidhani nimeangusha kitu. Zamani nilibeba pamba, naitoa mashambani kuipeleka ghala la ushirika, na msimu ukiisha napumzika, nakunywa maziwa. Halafu ile miaka ya tisini mvua ikaanza kutuchezea. Inakuja, unapanda, inaondoka. Pamba ikawa inatoka ya kubeba kwenye ungo. Mwenye mkokoteni atafanya nini na pamba ya ungo?

Nikageuza biashara. Nilikwenda Kahama kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akiuza plau, nikakuta plau kazisukuma nyuma, mbele kapanga mapipa. Nikamwuliza, "Plau umeziacha?" Akasema, "Ndugu yangu, plau inataka mvua. Pipa linataka jua." Basi nikanunua mapipa. Nikawa nachota maji lamboni, nayapeleka Segese kwa wachimbaji wa dhahabu. Wale watu walikuwa na kiu kuliko ng'ombe, na matusi kuliko kiu. Nikichelewa wananiuliza, "Mzee wa maji, ng'ombe wako walikuwa wanaoga kwanza?" Lakini walilipa, na watoto walikula.

Sasa ng'ombe mwenye njaa havuti maji. Ndiyo maana nikafunga ngitili nyuma ya nyumba. Ngitili ni mambo ya zamani kwetu Wasukuma: mvua ikiwepo unazungushia majani miiba, mfugo usiguse mpaka kiangazi kikaze. Baba yangu alikuwa nayo. Tulipohamishiwa vijijini watu wakaiacha, kama walivyoacha mengi, na mengine yalistahili kuachwa, ila siyo hili. Majirani wakanicheka, ati nafuga majani. Kiangazi kilipokaza, wao asubuhi wanawainua ng'ombe kwa kuwavuta mikia, wangu wanavuta mapipa. Kicheko kikaisha. Nilijua nikilisha wale wanne tu, majani yatanifikisha kwenye mvua.

Hapo ndipo alipokuja mkwe wangu, baba wa mke wangu, na kundi lake lote. Alitoka upande wa Shinyanga, kwao ardhi ilishabaki nyeupe. Ng'ombe walikuwa mbavu na pembe. Yeye mwenyewe vilevile, ukitoa pembe.

"Naomba wapumue hapa kidogo, mkwe."

"Karibu, baba."

Kesho yake akasimama penye miiba, anatazama majani. Mimi natazama pembeni, maana mkwe hatazamwi usoni.

"Haya yatatutosha, mkwe?"

"Yapo, baba."

"Yapo kweli?"

"Yapo tu, baba."

Nilimjibu kama mkwe anavyojibiwa kwetu. Hata kama chungu kitupu, mkwe akiuliza, ugali upo. Mke wangu alinisubiri jikoni.

"Umemwambia yapo?"

"Si baba yako?"

"Ni baba yangu. Na maksai wakilala, mapipa utayavuta wewe na heshima yako?"

Sikurudi kwa mzee kubadili neno. Yeye naye hakwenda kumwambia, na alikuwa bintiye. Mzee, kwa kuwa nimemwambia yapo, akatuma habari kwa wadogo zake. Nao wakaja na ng'ombe wao, wamefurahi, wananishukuru kwa mikono miwili. Nikasema karibuni.

Majani yaliisha mvua ikiwa bado haijafikiriwa hata na mawingu. Maksai wawili niliwapeleka kwa mchinjaji wa Segese wangali na nyama ya kuuza. Wachimbaji walewale niliowapelekea maji waliwala. Sikuwalaumu, ila siku ile nilishusha mapipa nikageuza mkokoteni kabla hawajaanza utani. Wawili waliobaki walivuta nusu ya mzigo, nami nikisukuma nyuma.

Mkwe alipokusanya mifugo kuelekea Geita, kama wengi walivyofanya, aliniita pembeni.

"Ungesema, mkwe."

"Ningesemaje, baba?"

Akakwangua tope kavu kwenye fimbo yake. "Kweli, usingeweza. Hata nilipouliza, nilijua utasema yapo."

Akaenda. Sikumchukia. Nilichoka tu, na uchovu ule haukutoka kwa kulala.

Mvua iliyofuata nilikwenda kwa wazee wa sungusungu, wale wanaolinda kijiji na kutoza faini, nikawaambia: ngitili yangu ichukueni, iwe chini ya sheria yenu, anayetaka majani awaombe ninyi, awe hata mkwe wangu. Wakanishangaa. Mmoja akauliza, "Na wewe mwenyewe ukitaka?" Nikasema nami nitaomba. Wakakubali, na majirani wawili, walioacha kunicheka wakafunga za kwao, nao wakaziunganisha.

Kiangazi kikarudi, maana siku hizo kilikuwa hakiendi mbali. Maksai wangu walianza kulegea, nikaenda kuomba majani yangu mwenyewe. Nimesimama pale, kofia mkononi. Wazee wakatazamana.

"Ngoja kwanza," wakaniambia. "Bado mapema."

Nikasema asanteni, nikarudi nyumbani kufungua nira.