Shamba Lililoingia Giza

Baba aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo cha kompyuta, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akarudi nyuma kwenye kiti.

"Basi," alisema. "Yamekwisha."

Alikuwa anazungumzia macho yake.

Nilikuwa nimefungua shamba letu la mikorosho la Kitangari, lile nililolijenga mwenyewe ndani ya kompyuta kwa programu ya kutengenezea gemu. Nililianza nikiwa Masasi, kwenye kibanda cha fundi simu nilikojishikiza baada ya kuchoka kubeba magunia ghalani. Kabla ya hapo nilikuwa Lisekese, naendesha bodaboda ya mtu. Shule niliiacha kidato cha pili. Sijawahi kukaa mahali mpaka watu wakanizoea, lakini tangu nilipolianza shamba lile, kila nilipohama nilihama nalo, hata niliporudi nyumbani: safu za mikorosho, nyumba, tangi la maji ya mvua, na asubuhi ya msimu wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, unga wake unapojaa chini ya matawi kama moshi wa njano usiotaka kuondoka. Humo hapakuwa na mashindano wala adui. Unatembea tu.

Baba ana mtoto wa jicho. Mwenyewe husema ni salfa, miaka yote ile ya kupuliza mikorosho akiwa amejifunga kitambaa puani na macho ameyaacha wazi. Ilipotangazwa kwamba madaktari wa macho wangefika Newala kufanya upasuaji, alikataa. Alikuwa amesikia, sijui kwa nani, kwamba jicho lililokwisha kufa halipasuliwi, na kwamba wakikulaza mezani wakalikuta limekufa unarudi nyumbani na maumivu ya bure. Hatukumweza. Kilichomgeuza ni siku alipokaa mbele ya kioo changu, chenye mwanga wake wenyewe, akaona mikorosho.

"Huu si ule wa mpakani?" aliuliza, kidole juu ya kioo.

"Ndiyo, Baba."

"Kumbe bado naona." Akakubali kwenda.

Halafu mimi, kwa kutaka kujua kila kitu, nikaharibu. Toleo jipya la programu lilikuwa limetoka. Nilisoma kwamba jua lake linapenya majani kama jua la kweli, na nikataka kuliona likipenya majani yetu. Programu iliniuliza kama nimeweka nakala ya kazi yangu, maana ikishageuzwa hairudi. Diski ilikuwa imejaa, pa kuweka nakala hapakuwepo. Nilibonyeza kukubali.

Shamba lilifunguka likiwa giza. Paa la nyumba lilionekana kwa mbali, kijivu, na chini ya mikorosho palikuwa kama ndani ya gunia. Sikupata hata muda wa kulifunga. Baba alikuwa ameshavuta kiti chake, kama alivyozoea kila siku baada ya chakula cha mchana.

"Ni kompyuta, Baba. Nimeibadilisha, taa zimevurugika."

"Usinibembeleze. Mimi si mtoto."

"Kweli, hata mimi sioni."

"Wewe una macho ya kijana, utakosaje kuona?" Aliinuka, akapapasa mlango. Nilimsikia uani akimwambia Mama asimwandalie nguo za safari. Madaktari walikuwa wanafika keshokutwa.

Mjomba, ndugu yake Mama, alikuja jioni ile na pikipiki yake. Kwetu mjomba akisema, nyumba inasikiliza. Alinikuta nimeinamia mashine.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Bado unapalilia mikorosho ya kwenye kioo? Ya kweli huko imeota magugu mpaka nyani wanapotea." Nilimweleza yaliyotokea. Akaacha utani. "Basi irudishe kama ilivyokuwa."

"Hairudi."

"Basi itengeneze. Shemeji simwezi kwa maneno."

Kesho yake niliamka na kazi hiyo. Nilisoma mtandaoni mafundi wa nchi nyingine wakilalamikia giza hilo hilo. Wengi walisema tatizo ni jua. Zamani nguvu ya jua ilikuwa namba yoyote unayopenda, na mimi nilikuwa nimeweka moja. Toleo jipya linahesabu mwanga kama unavyopimwa duniani, na kwa kipimo hicho moja ni kama mshumaa tu. Nililipandisha jua mpaka maelfu. Paa likang'aa, mbingu ikawa nyeupe kama sahani, lakini chini ya mikorosho giza lilibaki vilevile.

Nikaambiwa kamera ya programu sasa ni kama jicho: ukizidisha mwanga inajifinya, ukipunguza inajifungua, kwa hiyo unahangaika na huoni tofauti. Niliizuia isijirekebishe. Nikaambiwa vivuli vya zamani havifai, vipikwe upya, yaani kompyuta ivihesabu tena kimoja kimoja. Nikavipika, na kompyuta ikapata moto hadi nikaipepea kwa kifuniko cha sufuria. Mama alipita na ndoo, akatazama kioo, akaenda zake. Uani Baba alikuwa amekaa ameelekea ukutani. Jirani alimsalimia, akaitikia upande ambao jirani hakuwepo.

Vivuli vilipokwisha kuiva, chini ya mikorosho palikuwa bado usiku.

Mchana ulikuwa umekwenda na mafundi wa mtandaoni hawakuwa na neno jipya. Nikaanza kuondoa kitu kimoja kimoja. Nikaficha nyumba: giza. Tangi: giza. Nikaficha majani yote ya mikorosho, na hata bila majani palikuwa na giza. Hapo nilishtuka, kwa sababu hakukuwa na kitu tena cha kuzuia jua, isipokuwa salfa.

Sikuwa nimeifikiria. Katika toleo la zamani ukungu nilioutumia kuwa salfa ulikuwa rangi tu, kama kupaka ukuta, na ili upate njano ile ya kwetu nilikuwa nimeurundika tabaka juu ya tabaka, shamba zima, kimo cha matawi. Toleo jipya liliuchukua kuwa vumbi la kweli, lenye kumeza mwanga. Nani mwingine angejaza shamba lake unga kiasi hicho? Wale niliowasoma walikuwa wakitengeneza misitu na majumba. Niliipunguza salfa ikabaki kidogo sana, nikarudisha nilivyovificha, na jua likashuka mpaka kwenye majani makavu ya chini.

Nilimwita Baba. Alikuja kwa kuvutwa na Mjomba, aliyekuwa amerudi kusikia habari.

Alitazama. "Naona weupe," alisema taratibu. "Umezidisha taa ili nifurahi."

"Sijazidisha. Nimetoa kilichokuwa kinaziba."

"Nitajuaje?"

Mjomba akavuta kigoda. "Nionyeshe pa kubonyeza. Wewe ni mwanawe, utamwonea huruma. Mimi sina huruma naye, alinisumbua sana mahari ya dada yangu."

"Ulikula mbuzi wawili peke yako," Baba alisema, na kwa mara ya kwanza tangu jana akatabasamu.

Nilimwekea Mjomba kitufe kimoja, cha kurudisha salfa yote na kuiondoa. Baba alifunika jicho la kulia kwa kiganja. Mjomba alibonyeza, akasubiri.

"Giza," Baba alisema. Ilikuwa giza.

"Mwanga. Mwanga bado, hujabonyeza. Giza." Hakukosea hata mara moja, na Mama aliyesimama mlangoni alianza kupiga kigelegele.

Baba akabadilisha kiganja, akafunika la kushoto.

"Mwanga," alisema, na kioo kilikuwa cheusi. Mjomba alibonyeza. "Mwanga." Akabonyeza tena, na tena, na Baba akawa anajibu upesi upesi kama anayetaka kuwahi, giza, mwanga, giza, na majibu hayakufuata kitufe. Kigelegele kilikatika. Mjomba aliondoa mkono.

"Mbona kimya? Nimekosea?"

"Umekosea, shemeji."

"Mara ngapi?"

Mjomba alisogeza kigoda nyuma. Nilitaka kusema kwamba kioo changu si kipimo cha daktari, na huenda jicho lile linaona kitu ambacho mashine haiwezi kuonyesha. Lakini sikuwa na uhakika.

Baba alikaa bado amefunika jicho zuri, anatazama shamba kwa lile lingine. Kisha akashusha mkono.

"Hili la kushoto nitawapelekea madaktari," alisema. "La kulia, mtu asiniulize. Njoo na pikipiki kesho mapema, shemeji, kabla sijabadili mawazo."