Beseni Juu ya Alama ya Tairi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku niliyokwenda Biharamulo mjini kutafuta matairi ya pikapu yangu nilikuwa nimeamka nazo. Juzi yake nilikwama kwenye mlima wa Kibimba na mzigo wa maharage, matairi yote manne vipara, yanazunguka palepale, na wanaume waliokuja kunisukuma walinicheka kwanza ndipo wakasukuma. Biashara yangu ndiyo hiyo: nanunua maharage na ndizi Bukiriro na Kibimba, nauza huku kwetu Nemba. Masika yakianza nawe huna tairi la maana, kaa nyumbani ukaange bisi.

Fundi wangu alitaka nichukue mapya, yale ya kati, yenye kashata, vile vinundu vya kukanyagia, fupifupi zilizobanana, yanayofaa lami na vumbi vilevile. Alinieleza kwa adabu, maana ananijua. "Mama, haya ya matope unayoyataka yananguruma. Ukiwa kwenye lami utadhani umebeba mashine ya kusaga. Na lami ikiloa, hayashiki vizuri."

"Lami naiona mara mbili kwa wiki," nikamwambia. "Tope naliona kila siku."

Kwa muuza matairi ya mitumba yalikuwepo manne ya seti moja, ya matope hasa, kashata zake ndefu kama vidole. Moja tu ndilo lilikuwa na kasoro: kashata mbili zilizofuatana zilikuwa zimekatika ukingoni, limebaki pengo kama la mtu aliyeng'oka meno ya mbele. Nikaingiza vidole kwenye pengo, nikaona ni jambo dogo. Fundi akauliza yametoka kwenye gari gani. Muuzaji akajibu kwamba mitumba ni mitumba. Mimi nikamkatiza fundi: "Kwani tunanunua tairi au tunaposa mchumba?" Wakacheka, nami nikacheka. Swali la maana lililoulizwa siku ile lilikuwa hilo moja, na nililizima mwenyewe.

Jamani, yale matairi yalifanya kazi! Mlima wa Kibimba niliupanda huku naimba, tope linaruka hadi kwenye vioo. Nilikuwa tayari kumbusu muuzaji. Lakini nilipoingia Nemba na mzigo, asubuhi ya mvua nyepesi na ukungu, nikaanza kuona jambo nisilolielewa. Wachungaji wa ng'ombe waliokuwa wakinipungia mkono hawakunipungia. Walisubiri nipite, kisha wakainama kutazama chini nilipopita. Niliwaona kwenye kioo, watu wazima watatu wamechuchumaa katikati ya barabara. Kinamama waliokuwa wanachota maji wakaacha ndoo zao, wakafuata alama kwa macho. Nikapiga honi kwa hasira. Hakuna aliyegeuka.

Njia yangu inapita mbele ya mji wa mama mmoja Msukuma, wa wale waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga miaka mingi iliyopita. Sote tulijua habari yake. Mwanawe wa pekee alikuwa na pikapu kama mimi. Masika mawili yaliyopita aliaga anakwenda Bukiriro kubeba ndizi, na tangu hapo hakuonekana, si yeye wala gari. Watu walitafuta porini na mabondeni wakachoka. Ukoo ukataka kuzika mgomba badala yake, maana mtu asipopatikana mwili huzikwa mgomba ili msiba ufungwe na watu walale. Mama akakataa katakata. Alisema hawezi kumzika mtu ambaye hajaambiwa amekufa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuja na jembe mara mbili, na mara mbili akarudishwa nalo.

Siku ya pili napita pale nikakuta beseni barabarani. Beseni la bati, zuri, limefunikwa kifudifudi juu ya tope na jiwe juu yake. Nikalikwepa. Siku ya tatu yalikuwa mawili. Siku ya nne yalikuwa matano, yamepangwa kwa mstari, kila moja hatua kadhaa mbele ya lingine, mvua inayapiga na kutoa mlio, na hakuna mtu. Nikashuka nikiwa nimefura. Nani huyu anatuwekea mitego? Nikaondoa jiwe, nikafunua beseni la kwanza.

Chini yake hapakuwa na kitu. Tope tu, na alama ya jana ya tairi langu, kavu, safi, na lile pengo la kashata mbili katikati yake. Nikafunua la pili. Pengo lilelile. Nikarudisha mabeseni kama nilivyoyakuta, na mawe yake, nikaondoka polepole kana kwamba nimekanyaga kaburi.

Wenyeji kama sisi Wasubi tunalima. Alama ya kwato kwetu ni shimo la maji tu. Wale wenzetu wafugaji, ng'ombe akiibiwa humfuata kwa alama siku mbili, tatu, na mvua ikitisha hufunika alama nzuri kwa bakuli isifutike, ili kesho waanzie hapo. Hilo niliambiwa baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba kuna mtu ananifuata, na ananitunza nisipotee.

Alinifikia asubuhi iliyofuata. Nilitoka nje na mswaki mdomoni, ukungu umeshuka hadi kwenye paa, nikamwona mwanamke amepiga magoti mbele ya pikapu yangu, miguu yake tope hadi magotini. Nilimtambua. Kutoka kwake hadi kwangu ni saa mbili na zaidi kwa miguu.

"Shikamoo mama," nikasema. Vidole vyake viwili vilikuwa ndani ya lile pengo.

"Mama, ni wewe unayeweka mabeseni barabarani?" Sauti yangu ilitoka kali, na mpaka leo inaniuma.

"Nimemfuata," akasema. "Alipita mbele ya nyumba mara nne hakusimama. Nikasema labda amekasirika. Nikasema ngoja nimfuate mimi."

"Umemfuata nani mama?"

"Mwanangu. Jiwe lilikata tairi lake hapo nyumbani, mbele yangu, akacheka. Fungua gari."

Nikafungua. Nifanye nini? Aliingiza kichwa ndani, akatazama kiti, akatazama nyuma ya kiti, akanusa kitambaa. Akainua hata gunia tupu lililokuwa sakafuni. Kisha akanitazama usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kumtoa mtu mwingine ndani yangu.

"Siye," akasema, akakaa chini palepale kwenye tope.

Tulikwenda wote kituo cha polisi, kisha mjini na askari. Muuzaji, masikini, akaapa kwamba aliyapata kwenye lundo la chuma chakavu lililoletwa na lori, yakiwa yameshavuliwa kwenye rimu. Lori likatafutwa, likapatikana, na dereva wake naye aliyapakia kutoka kwenye lundo jingine. Habari ikaishia hapo. Gari la kijana yule lilikuwa limekatwakatwa vipande, na vipande viko kila mahali. Mama alisikiliza yote. Njiani kurudi alisema neno moja tu, kwamba mwanawe asingekubali kuuza matairi yake akiwa hai, maana aliyanunua kwa ng'ombe.

Polisi walipolirudisha tairi baada ya kulipiga picha, nilimpelekea. Niliogopa kweli. Nilidhani atanilaani, maana ni mimi niliyempitisha marehemu mbele ya mama yake mara nne. Yeye akamwita shemeji yake, akamwambia, "Lete jembe."

Wachimbaji walibishana. Mmoja alitaka shimo refu kama la mtu, mwingine akasema tairi ni la mviringo, litachimbwaje refu? Shemeji akasema wachimbe la mgomba kama desturi. Mama akakemea: "Mgomba gani? Mimi sikuletewa mgomba." Wakachimba la mviringo. Sijawahi kuona kaburi la mviringo kabla ya siku ile, na sitaki kuliona tena. Alilifunga tairi kwa shuka, akalishusha mwenyewe, akalilaza, akaweka mkono juu yake kama mtu anayepima homa.

"Haya baba," akasema. "Umefika."

Watu walilia. Mimi nililia hadi nikaona aibu, kwani kijana yule sikumjua hata sura. Yeye hakulia. Alikaa akapokea watu, akala kidogo, jioni ilipokaribia akaniambia niende kabla mvua haijashika.

Pikapu ilikuwa na kipara kimoja cha zamani na yale matatu yaliyobaki. Nikaondoka taratibu. Kwenye kioo nikamwona ananifuata na ufagio wa vijiti, ameinama, anafuta alama zangu kutoka mlangoni, moja baada ya nyingine, kwa bidii, akirudia palipobaki hata mkwaruzo. Nikasimama, nikashuka, nikamwambia, "Mama, pumzika, mvua inakuja, itafuta yenyewe."

"Mvua inaweza isije," akasema bila kuinua kichwa. "Kesho nitaamka nione alama zake zinatoka nyumbani."

Nilimwacha anafagia. Kesho yake alfajiri nilimwita fundi aje ayavue na yale matatu.