Niliamkia Kiti Kitupu

Mimi ni mwalimu mkuu hapa Mbinga, na nimezoea kuamkiwa. Mshauri nasaha wa hospitali aliniambia ndani yangu kuna mwoga na mkali, na hawaachi kugombana; huenda huyo mkali ana sauti ya mtu aliyenilea. Nikambishia. Huyo mkali ni mimi mwenyewe tu. Marehemu baba, mkulima wa kahawa kule Maguu, hakuwahi hata kunifokea. Wiki tatu nzima niliapa hivyo.

Jana mshauri akavuta kiti kitupu. “Mwalimu, fikiria yule mkali amekaa pale. Zungumza naye.”

Sijui nilipatwa na nini. Nilijikuta nimepiga magoti sakafuni. “Shikamoo.”

“Umemwamkia nani, mama?” akauliza taratibu.

Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nasubiri kiti kiseme marahaba.